Wengi Wape, Lakini Wape Nini?

Mazungumzo ya redio, Kisangani. Yamechapwa kwa ajili ya familia zilizokimbia na kwa viongozi wa vijiji, kartie na komini.

 

Leo sitaanza na habari za serikali. Nitaanza na swali la mama mmoja. Tulipopita pahali wanapokaa watu waliokimbia, mama huyu alituita kando akasema amepata habari za kijiji chake, njia ya Ubundu. Watu waliobaki kule walikutana, wakahesabu mikono, wakakubaliana kwamba watu wa kabila lake wasirudi tena. Mikono iliyokataa haikufika hata mitano. Kisha akatuuliza: ninyi wa redio mmetufundisha kwamba demokrasia ni wengi kukubaliana. Sasa wale ni wengi, na wamekubaliana. Je, mimi nimlaumu nani?

Nakiri kwamba siku ile sikumjibu vizuri. Nilimwambia tu kwamba walichofanya ni kibaya. Lakini yeye alijua tayari kwamba ni kibaya, maana ndiye aliyefukuzwa. Alichotaka kujua ni kwa nini ni kibaya, na kama kuna sheria yoyote inayosema hivyo, au kama ni maneno ya kumtuliza tu. Nilirudi nyumbani na aibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Wahenga walituachia neno: wengi wape. Na wengine huongeza: usipowapa watachukua wenyewe. Neno hili lina akili. Linamwonya mtu mmoja asishindane na mji mzima, tena linamwonya mtawala asidhani anaweza kuwanyima watu siku zote. Lakini lisikilizeni tena. Linasema wengi wape; halisemi wape nini. Wape kuchagua gavana na depite, sawa. Wape kuamua soko lifunguliwe siku gani, sawa. Je, uwape na nyumba ya jirani? Uwape na shamba la mihogo aliloliacha siku aliyokimbia?

Mnajua mtumbwi unaovuka kutoka Lubunga kwenda upande wa mjini. Watu kumi na wawili wamepanda. Kama wanabishana watue kivuko gani, wengi waamue, kwa sababu mtumbwi ni mmoja na hauwezi kwenda pahali pawili. Kama mvua inatanda na wengine wanataka kungoja, wahesabiane pia. Yule atakayeshindwa atanung'unika kidogo, na kesho huenda yeye ndiye atakayeshinda. Lakini kama kumi na mmoja wakikubaliana kumtupa wa kumi na mbili majini ili wakae kwa nafasi, hiyo si kura tena hata kama mikono imeinuliwa vizuri na kuhesabiwa mara mbili. Mtu yule alilipa nauli kama wao. Haki yake ya kukaa mtumbwini haikutoka kwao, basi hawawezi kumnyang'anya.

Tena kuna jambo ambalo watu husahau. Kabla ya kuhesabu mikono, lazima kwanza tujue mikono ni ya nani. Ule mkutano wa kijijini ulifanyika wakati sehemu ya wanakijiji walikuwa wamelala juu ya mkeka huku Kisangani. Waliojadiliwa hawakuwapo. Ukikifukuza kwanza kikundi kimoja, halafu ukapiga kura, hakika utapata wengi. Hata mimi nikiwafukuza wote nyumbani kwangu nitapata kura zote.

Sasa tuingie katika historia kidogo, maana shida hii ya wengi na wachache si geni kwetu. Nchi yetu ilizaliwa nayo.

Mwezi wa tano mwaka 1960, wiki chache kabla ya uhuru, Wakongomani walipiga kura. Hapa kwetu, mji ukiitwa bado Stanleyville, chama cha Patrice Lumumba, MNC, kilipata viti 58 juu ya 70 katika bunge la jimbo. Lumumba alitaka nchi moja yenye serikali moja yenye nguvu. Aliogopa kwamba nchi ikikatwa vipande, wageni watakula kipande kimoja kimoja. Joseph Kasavubu wa ABAKO huko Bas-Congo, na Moïse Tshombe wa CONAKAT huko Katanga, walitaka majimbo yawe na uwezo mkubwa wa kujitawala. Wao waliogopa jambo lingine. Walijihesabu wakaona kwamba katika nchi kubwa namna hii, wao watakuwa wachache siku zote, na mambo yao yataamuliwa na watu wasiojua hata jina la mto wao.

Hofu hizo mbili zote zilikuwa na sababu. Hata leo, msikilizaji, ukisikia watu wanabishana juu ya majimbo, chunguza utazikuta hofu hizo hizo.

Fikra ya haki za majimbo, kwa maneno mepesi, ni hii: kuna mambo ambayo nchi nzima, hata ikikubaliana, haina ruhusa ya kuyaamua kwa niaba ya jimbo moja. Jimbo lina bunge lake, gavana wake, mali yake, na mambo yake ya ndani ambayo mji mkuu hauwezi kuyagusa. Ni ukuta uliojengwa ili wengi wa nchi wasiwameze wachache wa pembeni. Ni fikra nzuri. Lakini tazameni ilivyotumika Katanga, hata kabla ya uhuru wenyewe.

Katika bunge la jimbo la Katanga kulikuwa na viti 60. CONAKAT ya Tshombe ilipata 25. Wapinzani wao, umoja wa vyama ulioongozwa na BALUBAKAT ya Jason Sendwe, walikuwa karibu nao sana. Ile Sheria ya Msingi, ambayo Ubelgiji iliiandika iwe katiba yetu ya kwanza, ilisema bunge haliwezi kuchagua serikali ya jimbo isipokuwa theluthi mbili ya wajumbe wawe wamekaa kitini. Maana yake, hakuna upande uliopaswa kuunda serikali peke yake, ilibidi wapatane. BALUBAKAT walipoona hawatapewa nafasi ya haki, walitoka nje, na kikao hakikuweza kuendelea. Basi, mwezi wa sita 1960, siku chache tu kabla ya uhuru, bunge la Ubelgiji lilibadili kile kifungu. Theluthi mbili haikuhitajiwa tena. CONAKAT wakaunda serikali yao wenyewe, na tarehe 11 mwezi wa saba 1960 Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kampuni ya shaba, Union Minière, ikamlipa yeye kodi.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu mara nyingi hadithi hii husimuliwa nusu. Husimuliwa kama ugomvi wa Katanga na Léopoldville. Lakini ndani ya Katanga yenyewe, upande wa kaskazini, Baluba walikuwa wanauliza swali la yule mama wa njia ya Ubundu. Tshombe alisema: wengi wa Kongo wasitutawale sisi Wakatanga. Nao wakamjibu: nawe je, kwa nini ututawale sisi kwa nguvu? Askari wa Katanga walikwenda kaskazini, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961, katika mji wa Elisabethville, maelfu kwa maelfu ya Baluba waliacha nyumba zao wakajikusanya katika kambi chini ya ulinzi wa askari wa ONU. Ninyi mnaolala chini ya turubai mnajua kambi ni nini. Hamhitaji mimi niwaeleze.

Ule ukuta uliojengwa kuwalinda Wakatanga dhidi ya Léopoldville ulikuwa umegeuka kuwa ua wa kuwafungia watu wa kaskazini ndani, wasipate msaada. Kujitenga kuliisha mwezi wa kwanza 1963, baada ya vita.

Miaka iliyofuata nitapita haraka. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 iliyapa majimbo nguvu nyingi, na majimbo yenyewe yakawa 21 pamoja na mji mkuu. Jimbo letu lilikuwa limekatwa tatu, Haut-Congo, Uele na Kibali-Ituri. Katiba hiyo haikupata hata nafasi ya kupumua. Mwezi wa nane mwaka ule ule waasi wa Simba waliuteka mji wetu, na wazee wetu bado wanakumbuka yaliyofuata. Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965, akapunguza majimbo, na katiba ya 1967 ikarudisha kila kitu mikononi mwa mji mkuu. Mabunge ya majimbo yakanyamaza. Gavana akawa mtu wa kutumwa na Rais.

Ndiyo maana, Mkutano Mkuu wa Taifa ulipokutana mwaka 1991 na 1992, wajumbe walitaka tena nchi ya shirikisho. Walikuwa wamechoka kuamuliwa. Lakini katika miezi ile ile, huko Shaba, ambayo ni Katanga, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa. Walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Wabelgiji kwa ajili ya migodi na reli; wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai kwa macho. Mwaka 1992 na 1993 walijazana kwenye vituo vya gari la moshi vya Likasi na Kolwezi, wakingoja mabehewa, na wengi walikufa pale pale kwa njaa na magonjwa. Waliowafukuza walisema jimbo ni la wenyeji, na wenyeji ni wengi.

Miaka thelathini imepita katikati ya jambo la kwanza na la pili, na kosa ni lile lile. Walipigania jimbo lisionewe na nchi. Hawakujiuliza ni nani atamlinda mtu asionewe na jimbo.

Msidhani ni Kongo peke yake. Marekani ni nchi ya majimbo tangu mwanzo wake, na kwa miaka mingi neno hilo, haki za majimbo, lilikuwa ndilo neno la wenye watumwa. Walisema: serikali ya nchi isituingilie, jimbo letu limeamua. Hata utumwa ulipokwisha, majimbo ya kusini yaliendelea kusema hivyo ili kuwatenga Weusi. Mwaka 1957, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, gavana alituma askari wa jimbo wawazuie wanafunzi tisa Weusi wasiingie katika shule ya Wazungu, ingawa korti kuu ya nchi ilikuwa imekwisha kusema tangu 1954 kwamba kutenga watoto shuleni ni kinyume cha katiba. Wazungu walio wengi katika jimbo lile walikuwa upande wa gavana. Ilibidi Rais Eisenhower atume askari wa nchi wawasindikize watoto tisa darasani.

Mmoja wa walioandika katiba ya Marekani, James Madison, alikuwa ameliona jambo hili mapema, mwaka 1787. Alisema kwamba kadiri eneo linavyokuwa dogo, ndivyo inavyokuwa rahisi kikundi kimoja kuwa wengi na kuwaonea wengine. Katika nchi kubwa vikundi ni vingi, na hakuna kimoja kinachoweza kufanya kinavyotaka peke yake. Mtu huyu mwenyewe alikuwa na watumwa, basi tusimfanye mtakatifu. Lakini linganisheni neno lake na maisha yenu. Katika mji mzima wa Kisangani, Wagenia hawatoshi kuwa wengi, wala Lokele, wala Topoke, wala Mbole, Lengola, Kumu, Turumbu, Boa au Waungwana. Hesabu avenii yako tu. Hapa mjini kila mtu ni mchache, na kwa hiyo tunavumiliana kwenye soko na kwenye toleka. Lakini shuka uende kijijini, kabila moja laweza kuwa watu tisa kati ya kumi. Pale ndipo kura ya mikono inapokuwa hatari zaidi, na pale ndipo hakuna mwandishi wa habari wala korti karibu.

Katiba tuliyoipigia kura mwezi wa kumi na mbili 2005, ikatangazwa tarehe 18 mwezi wa pili 2006, ilijaribu kujenga kuta mbili kwa pamoja. Ukuta wa kwanza ni wa majimbo. Kifungu cha 3 kinasema majimbo, na chini yao miji, komini, sekta na shefari, yanajiendesha kwa uhuru. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya serikali yanayotoka jimboni yabaki jimboni. Na mmesikia wenyewe jinsi majimbo yalivyolalamika miaka na miaka kwamba fedha hizo hazifiki kama ilivyoandikwa. Mwaka 2015 Jimbo la Mashariki likagawanywa, nasi tukapata jimbo letu la Tshopo, lenye teritwari saba, kubwa kuliko majimbo yote ya nchi.

Ukuta wa pili ni wa mtu mmoja mmoja, na ndio unaomhusu yule mama. Kifungu cha 13 kinakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya kabila lake. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu haki ya kutembea ndani ya nchi, kukaa anapotaka, kuondoka na kurudi. Angalieni: na kurudi. Kifungu cha 34 kinalinda mali ya mtu au ya jamaa, iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Kifungu cha 51 kinaiagiza serikali ihakikishe makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na iwalinde walio wachache. Na kwenu mashefu, kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya kimila, mradi mila hiyo isipingane na katiba wala sheria, na kinawapa kazi ya kuimarisha umoja.

Halafu kuna kifungu cha 220, ambacho watu wengi wanakijua kwa sababu ya muhula wa Rais. Wachache wanakisoma mpaka mwisho. Mwishoni kinakataza mabadiliko yoyote ya katiba yenye kupunguza haki za mtu, au yenye kupunguza uwezo wa majimbo. Mambo hayo mawili yamewekwa katika sentensi moja, na haki za mtu zinatangulia. Mimi naona walioandika walikumbuka Katanga.

Kuta hizo zimetikiswa, hatuwezi kuficha. Mabadiliko ya mwezi wa kwanza 2011 yalimpa Rais uwezo wa kuvunja bunge la jimbo au kumwondoa gavana wakati wa mgogoro mkubwa usiokwisha. Na tarehe 23 mwezi wa kumi 2024, hapa hapa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kuandaa katiba mpya inayofaa hali ya Wakongomani. Sisi hatuko upande wowote katika jambo hilo. Tunawaomba tu, mkiletewa maandishi yoyote ya katiba, leo au kesho, msiulize tu nani atatawala na kwa miaka mingapi. Tafuteni yale mambo ambayo hata wengi hawaruhusiwi kuyafanya. Mkikuta hayapo, ulizeni yamekwenda wapi.

Sasa turudi Lubunga. Mwanzoni mwa mwaka 2023 ugomvi wa Mbole na Lengola ulianza kwa habari ya shamba kubwa lililotolewa kwa kampuni ya kilimo. Kila upande ulikuwa na maneno yake: ardhi ni ya nani, nani alitia sahihi, nani alipewa kitu. Watu waliuawa, nyumba zikateketea, na maelfu walikimbia. Mimi si hakimu, wala sitasema hapa nani alianza. Lakini mzizi mmoja unaonekana wazi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema ardhi yote ni ya serikali, hata ile ambayo vijiji vinaikalia kwa mila, na ikaahidi kwamba Rais atatoa agizo la kueleza haki za wanavijiji juu ya ardhi hizo. Miaka mingi ilipita bila agizo hilo. Kwa hiyo kila mwenye muhuri na kila mwenye ukoo alijiona ndiye msemaji wa ardhi. Sheria inataka anketi ifanyike kabla ya ardhi ya kijiji kutolewa, ili waulizwe wote wanaoitumia. Neno zito hapo ni wote. Si mzee mmoja aliyepewa chumvi na blanketi. Wala si wengi peke yao, kwa sababu familia tatu zinazolima ng'ambo ya kijito zina haki ya kuulizwa juu ya shamba lao, hata kama familia thelathini zimeridhika.

Mashefu watanijibu: sisi hatupigi kura, sisi tunakaa baraza, tunaongea mpaka tunapatana. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia. Baraza nzuri haimalizi neno kwa kuhesabu vichwa. Inaongea siku mbili, siku tatu, mpaka yule aliyekataa aseme sababu yake na sababu yake ipate jibu. Hiyo ni kinga ya wachache iliyokuwapo kabla ya katiba zote. Lakini tuseme na upande wa pili. Katika baraza nyingi mwanamke husikiliza akiwa nyuma, kijana hungoja kutumwa maji, na mtu aliyekuja kuoa au kulima huambiwa hana kiti. Watu wa msituni tunaowaita Bambuti, wao hata nyuma hawaketi. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2022 imeandikwa ili kuwalinda wao, lakini sheria haitembei kwa miguu kufika Bafwasende. Shefu ndiye atakayeifikisha au kuizuia.

Basi, mama, jibu lako ni hili. Kijiji chako kina haki ya kukutana bila wewe juu ya mambo mengi: nani alinde njia usiku, wanaorudi wafikie wapi kwanza, mashamba yaliyoharibika yapimwe namna gani, hata siku ya kuanza kurudi ili watu wasije wakagongana gizani. Haina haki ya kukutana juu ya swali kama wewe ni mtu wa pale. Mkutano huo, hata ungekuwa na mikono elfu, haukuondoa kitu chochote mikononi mwako. Wala usiutumie kama sababu ya kuuza shamba lako kwa bei ya hasara. Umelaumu vema: lawama ni kwa walioita mkutano, na ni kwa wenye mamlaka wanaonyamaza.

Na kwa ninyi wote mnaongoja kurudi, kuna neno gumu kidogo, na ninalisema kwa heshima. Siku mtakaporudi mkiwa na askari nyuma yenu, huenda ninyi ndio mtakuwa wengi. Wale walioinua mikono watakuwa wachache. Walioua na kuchoma watafute jibu lao mbele ya korti. Lakini jirani aliyeinua mkono tu, au aliyeogopa kutoinua, ana kifungu cha 30 kama ninyi.

Hata sasa, hapa mlipo, mnayo kamati. Kamati inaandika majina ya watakaopata unga na mafuta. Tumesikia zaidi ya mara moja kwamba kuna familia ambazo majina yao huandikwa mwisho au hayaandikwi: baba ni Mbole na mama ni Lengola, au kinyume chake. Upande huu unawaambia nendeni kwa wale, upande ule unawaambia rudini kwa hawa. Watoto wao hawana upande wa kukimbilia. Wajumbe wa kamati walichaguliwa na wengi, hilo halina ubishi. Basi tunawauliza wajumbe hao, wakiwa wamekaa na kalamu na daftari: orodha ya juma hili inaanza na nani, na ni nani ameambiwa angoje?

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo tutazungumza juu ya karatasi: mtu ambaye hati zake zote ziliungua pamoja na nyumba aanzie ofisi gani, na aende na mashahidi gani. Mama wa njia ya Ubundu ametuomba tusome polepole, kwa sababu binti yake ndiye atakayeandika. Tutasoma polepole. Kwaherini.